Inchi Mbili na Nusu Upande wa Kulia

Elko, Nevada
Jumanne, 7 Oktoba

Dada yangu Roberta,

Salamu kwako na kwa shemeji Curtis. Goti lako linaendeleaje tangu upasuaji? Sisi huku tupo. Baba ametimiza themanini na mbili. Macho yamefifia, mdomo bado. Mimi nimechoka, dada, uchovu usioondoka hata nikilala.

Jumamosi Baba alitaka lile gari lake la Jeep la mwaka sitini na sita lifungwe shokamzoba mpya. Muuza vipuri akauliza kwenye simu limeinuliwa inchi ngapi juu ya kimo chake cha kiwandani. Baba akasema nne, kisha tatu, kisha akadai namchanganya. Basi tukalisukuma hadi kwenye sakafu ya zege, tukasawazisha upepo wa matairi, nikalala chali kupima kutoka katikati ya ekseli hadi ukingo wa madigadi. Yeye kashika taa. Kushoto, inchi ishirini na mbili. Kulia, kumi na tisa na nusu.

"Hata futi huwezi kushika wewe! Pima tena."

Nikapima mara tatu. Nikapima hata springi zenyewe, zilikuwa sawa. Nikamwambia fremu ndiyo imepinda.

"Roberta huyo," akasema. "Tangu alipolitumbukiza mtaroni."

Miaka thelathini na tano, na bado anakutaja hivyo. Nikiwa pale chini, vumbi la kutu likiniingia machoni, nikashindwa kuendelea. Nikamwambia ni mimi. Nililichukua alfajiri, nina miaka kumi na tano, nikalitia mtaroni, nikarudi nyumbani kwa miguu, nikajilaza. Alipokuita mwongo mezani ulipokana, mimi nilikuwa nakula mayai. Ulipohamia Boise, nilikubebea sanduku hadi kwenye basi.

Sijui kama uliwahi kunishuku. Sikulazimishi unisamehe.

Baba aliketi juu ya sanduku la spana. Kisha akauliza kama Mama alijua. Nikasema hapana. Akasema basi Mama alikufa akiamini binti yake ni mwongo, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemwaminisha.

Leo asubuhi nimemkuta ndani ya gari langu, amevaa shati la kanisani, begi mapajani. Anataka nimlete kwako. Nimemsihi asubiri barua hii ikufikie kwanza, maana una haki ya kutufungia mlango kabla hatujaondoka. Ameshuka, lakini amekataa begi litolewe garini.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mdogo wako,
Lyle