Abbi Mucche: Baraka Zangu kwa Kiitaliano

Rumonge, Jumatatu. Mvua tangu alfajiri, ziwa limechafuka, ndagala walioanikwa mchangani wamelowa tena. Nami nimekasirika tangu jana na sioni dalili ya kutulia.

Nilisomea Tanzania, ukimbizini, nikafundisha huko huko mpaka tuliporudi. Kifaransa cha shule za kwetu hakikunikuta. Kwa hiyo Kiitaliano najifunza kwenye simu kwa maelezo ya Kiingereza, bibi mzima na miwani yangu. Somo linaniambia uma ni mwanamke na kisu ni mwanamume. Kwa nini? Kariri tu. Mwalimu wa namna hiyo ningemshtaki kwa mkuu wa shule.

Navumilia kwa ajili ya Chiara, mjukuu wangu wa pekee. Mama yake, binti yangu Belise, aliolewa Italia, na mtoto anajua Kiitaliano tu. Kiswahili hana, hata amahoro ya kusalimia hana. Kila Jumapili tunapungiana mikono kwenye simu, kisha tunatazamana hadi mmoja achoke.

Jana nilikuwa tayari. Kwetu mkubwa hamsalimii mtoto kwa neno moja. Unamkumbatia, unamshika mabega, unamtakia: uwe na mume, uwe na watoto, uwe na ng'ombe. Nilizitafuta baraka hizo neno kwa neno, nikazifanyia mazoezi wiki nzima nikimenya mihogo, hadi Mama Furaha, jirani yangu Mkongomani, akaniuliza namwomba mungu gani.

Simu ikaita. Nikavuta pumzi, nikasema: Abbi un marito. Abbi figli. Abbi mucche.

Mtoto akaangua kilio.

Alidhani nimeshamtafutia mume. Akakimbilia chini ya meza, nayo meza kwao ni mwanamke, akilia kwamba hataki kuolewa na hataki ng'ombe. Hapo nilikuwa karibu kucheka. Belise ndiye aliyeharibu. Alichukua simu akaniambia, "Mama, jamani, huku hatusemi mambo hayo. Mwambie ciao, inatosha."

Inamtosha nani?

Siku Belise anaondoka nilimkumbatia pale stendi ya Rumonge nikamtakia hayo hayo, konvwayeri akigonga mlango wa basi kwa kutuharakisha. Alining'ang'ania shingoni, hakutaka kuniachia. Mume amempata, mtoto amempata. Leo maneno yale yale yanamtia aibu mbele ya mwanawe.

Kisha nikamsikia Chiara, kutoka chini ya meza, akimuuliza mama yake swali. Nililielewa lote, na hiyo ndiyo faida ya masomo yangu. Aliuliza: unaongea lugha gani na bibi?

Hajawahi kuambiwa.

Nimelala na hasira hii na nimeamka nayo. Belise angekuwa karibu ningemchapa, mtu mzima na mumewe akitazama. Mama Furaha alipokisikia kisa alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama Belise, unajichokesha bure," akasema. "Ule mutoto ya Belise iko wa kwenu, umusemeshe luga ya kwenu."

Kiitaliano sikiachi, nimeshateseka nacho vya kutosha. Lakini Jumapili nitambariki Chiara kwa Kiswahili, pole pole, mume na watoto na ng'ombe wote. Belise atakaa pale kando yake, na yeye ndiye atakayetafsiri.