Behewa la Gadi Bado

Mangi,

Ni mimi, Kanti wa studio. Nimekaa kwenye kiti cha wateja, mlango nimeufunga nusu, nakuandikia kwa Kiswahili changu hiki ulichokuwa unakicheka kila siku, kana kwamba chako hakikujaa Kichagga.

Najua unachotaka kusikia kwanza: banda lako limevunjwa au limepona. Ngoja. Uliwahi kunisimamisha juani Jumapili nzima pale stesheni tukisubiri injini igeuzwe, ikageuzwa, ukasema mwanga umeharibika, tukarudi bila kubonyeza hata picha moja. Basi na wewe leo nisubiri kidogo.

Watu wananiuliza ulikuwa nani kwangu. Mkulima wa kahawa wa Marangu, Mlutheri wa kuimba besi, na Mhindu wa picha za pasipoti mjini Moshi, wanakutana wapi? Nawaambia ulikuwa mteja, maana ndivyo ulivyoanza. Uliingia na kamera uliyoachiwa na mzungu mmoja uliyembebea mizigo mlimani, na mkanda mmoja wa kusafisha. Nikajisemea nitakuta ng'ombe, watoto, labda mchungaji. Nikausafisha, nikakuta mabehewa. Mkanda mzima mabehewa ya mizigo: la saruji, la mbolea, tangi la mafuta, la ng'ombe lisilo na ng'ombe. Nikakuuliza, "Watu je?" Ukasema, "Watu wanakuja wenyewe kwako. Haya nani atayapiga?"

Kwa nini treni ya mizigo na si ya abiria, hilo ulinieleza baadaye, tukiwa tunakunywa chai mlangoni. Ulisema umepanda mlima ule miaka mingi na mzigo wa watu kichwani, na hakuna hata mmoja aliyekupiga picha ukiwa umebeba. Walikupiga ukiwa umetua, umepangwa mstari na wenzako, unacheka. "Behewa mimi nalipiga likiwa limebeba," ukasema. Nilikuheshimu toka siku ile, Mangi, ila sikukuambia. Nakuambia sasa.

Na mikono ile. Nimeona mafundi katika maisha yangu, baba yangu mwenyewe alikuwa fundi wa saa, lakini sijaona mtu anayechonga treni ya mizigo kwa mti wa mringaringa mpaka ukiitazama kwenye picha huwezi kujua ipi ya kweli. Reli ulitengeneza kwa spoku za baiskeli. Bei ya kahawa ilipoanguka na majirani zako waking'oa mibuni wapande nyanya, wewe ulipita kuokota visiki, ukachonga magurudumu, kwa sababu mbuni hauliwi na wadudu upesi. Kutu ya mabehewa ulipaka kwa machicha ya kahawa yaliyochemshwa. Nilikwambia nunua rangi, siku hizi ni ruksa, maduka yamejaa rangi. Ukaniangalia kwa huruma. Ukasema kutu ya dukani haijawahi kunyeshewa.

Sheria yako ilikuwa moja: behewa ambalo hujalipiga picha hulichongi. Ulikuwa unasimama kwenye upenyo wa migomba yako, unaliangalia bonde, ukiona treni inatambaa kutoka Kahe unaacha jembe hapo hapo na kuteremka mjini. Mkeo, Mama Eli, alikuwa anasema akiliona jembe limesimama peke yake shambani, anajua treni imeingia.

Unakumbuka ulivyokamatwa? Siku zile kupiga picha stesheni ungeweza kuitwa jasusi, na wewe ukaenda karibu na daraja kabisa. Kamera ikaingia kwenye kabati la stesheni masta. Nikakushauri tutafute mkubwa fulani akuombee. Ukakataa. Kesho yake ukateremka na koti la kanisani, mkononi umeshika isale, ule mmea wa majani marefu mnaoupanda mipakani huko kwenu. Njiani ukanifundisha. Isale lina kazi mbili, ulisema. Likipandwa ardhini ni mpaka, na hakuna anayeling'oa. Likipelekwa mkononi ni kuomba amani, na aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa, hata kama mmetoka kushikana mashati.

Jambo moja hukulifikiria: stesheni masta alikuwa mtu wa Tabora. Alipoliona akaruka kitini, akarudi nyuma mpaka ukutani. "Mzee, dawa zako usiniletee ofisini." Wewe ukazidi kumsogelea kwa heshima zote, umeinama, na yeye akazidi kujibana ukutani. Mimi nilikuwa mlangoni nimeuma leso. Aliyetuokoa ni karani wa tiketi, dada mmoja wa Machame. Alisimama akamwambia taratibu, "Bosi, hilo huwezi kulikataa. Hata angekuchomea nyumba." Mtu wa Tabora akacheka mpaka akakaa chini. Ukapewa kamera yako, na ruhusa ya kupiga mabehewa, daraja usiliguse. Na kwa kuwa isale ulilikata na shina lake, akalichomeka kwenye kopo dirishani, likatoa mizizi, akalipanda nje ya ofisi. Yeye alihamishwa zamani. Isale limekuwa kichaka na bado lipo.

Sasa treni yenyewe inakuja ikijisikia. Malori yamechukua saruji, yamechukua mbolea, hata kahawa inashuka kwa lori na mnunuzi aliyevaa miwani ya jua. Nyasi zimeota kati ya mataruma. Nikipita pale nageuza uso, nitamwambia nani?

Haya. Banda.

Tulipokuzika kwenye kihamba chako, chini ya migomba yako, Elibariki, mwanao, alimpa mkono kila mtu akaniruka mimi. Shikamoo hakunipa. Nikadhani ni uchungu. Baadaye nikasikia kwa watu: anasema yule Muhindi wa studio ndiye aliyemchukua baba yake, Jumamosi zote mjini kupiga picha vyuma, shamba linaingia majani. Kisha Mama Eli akanipigia simu. Akasema, "Kanti, njoo uchukue vitreni vyenu. Kijana anajenga nyumba kabla ya Krismasi, na Jumamosi anavunja banda."

Nivichukue vipi, Mangi? Meza ile uliyoitandikia treni yako umeipigilia kwenye nguzo za banda lenyewe. Reli inazunguka kuta zote. Ukitoa ubao mmoja umeikata treni yote, na kazi ya maisha yako inabaki kuni. Sikulala vizuri wiki ile. Kwenda kugombana na mtoto wa watu kwenye shamba la baba yake, mimi nani?

Jumamosi asubuhi nikapita stesheni. Nikaomba kisu, nikakata isale pale nje ya ofisi, na shina lake, kama lako. Nikapanda nalo kwenda Marangu.

Kamba ya msingi ilikuwa imeshavutwa, inapita katikati ya banda. Elibariki alikuwa na nyundo mkononi. Hotuba sikuwa nayo. Nikalitoa isale kwa mikono miwili, nikainama kadiri tumbo hili linavyoruhusu. Sikujua nimemkosea nini na sikwenda kubishana nani kakosa. Wewe uliniambia anayelibeba ndiye anayetaka amani, basi.

Alikasirika, sikufichi. Akasema, "Nani kakufundisha hili?" Nikasema, "Baba yako." Akanitazama. Mama yake alikuwa mlangoni, mdomo ameuziba kwa kanga. Nilianza kuogopa kwamba labda sheria hiyo ni ya Wachagga kwa Wachagga tu, na mimi nimejiingiza kama wewe ulivyojiingiza kwa mtu wa Tabora. Kisha akaweka nyundo chini. Akalipokea. Akasema, "Shikamoo, baba mdogo."

Nililia pale pale, mzee mzima.

Tukaingia bandani pamoja. Unajua kwamba mwanao hakuwahi kuitazama ile treni? Alikuwa akiichungulia toka mlangoni tu, kwa hasira, toka utotoni. Nikamwambia apige goti, aweke jicho usawa wa reli kama ulivyokuwa unaniwekesha mimi. Akakaa hivyo muda mrefu. Akagusa kutu akauliza ni nini, nikamwambia kahawa, akanusa kidole. Akayaona masale madogo uliyoyashona kwa uzi wa kijani kandokando ya reli. Akayajua, akacheka kidogo. Kisha akauliza kwa nini treni haina mwisho.

Nikamweleza kwamba limebaki behewa la gadi, yule wa bendera anayekaa nyuma kabisa. Kwamba lile la nyuma siku zote lilifichwa na ghala la stesheni, na treni ikishatoka pale linakuwa limekupa kisogo na mwendo umechanganya. Kwamba walihitajika watu wawili, mmoja kila upande wa ghala. "Kwa hiyo hakulichonga kwa sababu hana picha?" Nikasema hakulichonga. "Baba huyu," akasema, akatikisa kichwa, na nilivyomwona alikuwa anatabasamu huku machozi yanamtoka.

Akatoka nje, akachukua jembe lako. Akachimba kwenye kona ya banda, pale pale kamba ilipokuwa inapita, akalipanda isale. Akaking'oa kigingi chake cha kupimia, akaivuta kamba upande wa migomba. Nimekaa na wewe vya kutosha kujua kwamba likishapandwa, hapo hapavunjwi tena, si na yeye wala na mjukuu wako.

Banda limepona, Mangi.

Eli anarudi kazini Dar, atapata likizo tena Krismasi. Kamera yako anayo yeye. Nimeweka mkanda mpya na nimemwonyesha pa kubonyeza. Tumeshapanga: treni ikiingia yupo huku, yeye atasimama upande huu wa ghala na mimi upande ule. Akishapata picha atajaribu kuchonga, ingawa vidole vyake ni vya ofisini na nadhani atajikata.

Unakumbuka ulivyokuwa unakuja mlangoni kwangu, pumzi juu, kofia mkononi? "Kanti, funga, twende wawili, inaondoka." Na mimi kila mara nakuonyesha kiti: yupo mteja, Mangi, ngoja amalize. Ukaenda peke yako mara zote, na hukuninunia hata siku moja.

Pumzika, ndugu yangu. Treni ikipiga honi, hata awe amekaa kitini mkuu wa mkoa na tai yake shingoni, nitafunga.

Kanti