Besi Nyuma ya Pazia

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Niliisoma kwanza nikiwa nimesimama mlangoni na koti mwilini, kisha nikaketi nikaisoma upya taratibu, kama mtu anayekula huku akihofia sahani itaisha. Nimefurahi kusikia kwamba goti limepata nafuu, na kwamba macho bado yanakuruhusu kutunga uzi kwenye sindano bila kumwita mjukuu. Mimi ni mzima. Mgongo tu ndio unaolalamika, nao nimeuzoea kama unavyomzoea mpangaji wa chumba cha pili mwenye kelele. Huku baridi imeanza, madirisha ya ngazini yanapitisha upepo, lakini chumba changu kina joto na chai ipo.

Umeniuliza kama bado nabeba Friji. Nimecheka peke yangu. Bado, dada. Ni lile lile spika langu la besi, sanduku linalonifika kifuani, kitambaa cha mbele kimechanika na gurudumu moja lilishapotea, kwa hiyo nalifunga kwa kamba kwenye kitoroli. Lifti ya jengo letu ina siku zake za kufanya kazi. Siku nyingine tunashuka ngazi mimi na Friji, yeye mbele, mimi nyuma nikimvuta asije akakimbia, kama wazee wawili wanaokwenda kliniki. Vijana wa siku hizi hawabebi kitu. Wanakuja na gitaa begani, wanachomeka waya kwenye mitambo ya ukumbi, na sauti yao inapita yote mezani kwa fundi mitambo, ambaye anaipandisha au kuishusha apendavyo. Friji haombi ruhusa kwa mtu. Ana nguvu zake mwenyewe, na nikipiga, sauti inaingia sakafuni kwanza ndipo iwapande watu miguuni. Mkoba wangu pia ni ule ule: nyuzi za akiba, fyuzi, miwani, kistuli cha kukunja, na pamba za masikio, ambazo nimezivaa tangu ujana na kuchekwa kwa ajili yake maisha yangu yote.

Aliyenicheka zaidi ni Dhahabu. Najua hupendi kusikia habari zake, lakini safari hii vumilia, utaona faida yake. Nakumbuka alipokuja kukuposa, ukamjibu kwamba hutaki kuolewa uke wenza na kioo. Mimi nilikukasirikia, kwa sababu alikuwa rafiki yangu na sauti yake wakati ule ilikuwa dhahabu kweli. Tukaondoka pamoja nyumbani, tukafika huku pamoja, na tangu hapo yeye amesimama mbele na mimi nyuma yake, bega la kushoto. Sikuwahi kulalamika. Mpiga besi asiyependa kukaa nyuma alikosea chombo.

Mwaka jana akaanza kuchelewa. Mahali pa kuimba panafika, yeye bado anatabasamu na watu. Au anawahi, anaingia peke yake kama mgeni aliyekosea nyumba. Badala ya kujiuliza, akageuka mbele ya wenzetu akasema besi ndiyo iliyompoteza, kwamba masikio yangu yamekwisha. Mara ya kwanza nilidhani ni utani. Baadaye nikalisikia neno hilo kwa wenye kumbi, likiwa limeshanenepa njiani: mzee wa besi ni kiziwi, bendi inambeba kwa huruma. Watu wakaanza kunisemesha kwa makelele, wakipanua midomo kama wanaolisha mtoto uji. Mpiga piano mmoja, aliyekuwa akiniita kila alipopata kazi ya pembeni, alimwita mwingine, kisha akanipigia simu kunieleza, kwa kupayuka, kwamba nimefanya kazi vya kutosha na sasa nipumzike.

Dada, mpiga muziki akivunjika mkono, watu humletea matunda na kumwambia atapona. Akiambiwa hasikii, amezikwa akiwa amesimama. Ilifika mahali na mimi mwenyewe nikaanza kujishuku. Nilikuwa nikiliacha bomba la jikoni likidondoka, naenda kusimama mwisho wa chumba, nasikiliza kama tone bado linanifikia.

Sasa sikiliza jinsi alivyomalizia. Hoteli kubwa iliyo karibu na stesheni ilikuwa inatafuta bendi ya kudumu. Mwenye hoteli, mama mjane asiyecheka ovyo, aliandaa karamu ya mchana na kusema atatusikiliza yeye mwenyewe. Dhahabu akatuita kwenye chumba chetu cha mazoezi, kile kilicho juu ya duka la matairi, ambako hata nyimbo zinanuka mpira. Akaanza kwa upole. Alisema siku hizi watu wanasikiliza kwa macho. Kisha akanishika bega, akanisogelea sikioni na kupiga kelele kwamba siku hiyo nitapiga nyuma ya pazia, raha mustarehe, kwenye kistuli changu, na mbele atasimama mkwewe. Mkwewe huyo anauza suti. Ana meno mazuri na mabega mazuri, lakini besi na fagio kwake ni ndugu. Angelivaa gitaa bila waya na kuchezesha vidole tu.

Hakuishia hapo. Alitaka mkwe avae gitaa langu mimi, kwa sababu mbao yake inang'aa kwenye taa, na mimi nikaazime lingine. Unalifahamu gitaa hilo. Pale kidole gumba kinapoegemea, rangi imekwisha na mbao imebonyea kidogo, na hiyo nafasi niliichimba mimi, kwa kidole hiki, miaka yote hii.

Shangazi, ndivyo tunavyomwita mama anayetupigia dramu, aliuliza kama na yeye Dhahabu atatafuta kijana wa kumshikia sura. Mpiga kinanda akakohoa ili asicheke. Mimi nilikubali. Najua umeshtuka, lakini nilikubali kwa sauti ya unyonge kabisa. Nikasema neno moja tu: kwamba sisi hufunga nyimbo kwa ngumi yake, anainyanyua juu na wote tunakata pamoja, na nikiwa nyuma ya pazia ngumi sitaiona, nitategemea masikio. Dhahabu akacheka, akasema basi Mungu atusaidie.

Siku ikafika. Fundi mitambo aliniomba nimwache Friji chini, nichomeke kwake moja kwa moja kama wengine. Nikamwambia ni mapenzi ya kizee, anivumilie tu. Alinionea huruma, akanisaidia hata kumsukuma. Nikachomeka kwa fundi, nikachomeka na kwa Friji, nikakaa gizani kama mzigo wa stoo. Mkwe alikuja kuniuliza nyuzi nene zinakaa juu au chini. Alikuwa amevaa mkanda wenye bamba kubwa kama kisahani cha chai, na kila akigeuka lilikuwa likikwaruza mgongo wa gitaa langu. Nilisikia mkwaruzo ule tangu nilipokaa. Kama nilikuwa na huruma yoyote kwake, iliishia kwenye bamba lile.

Tulipiga vizuri, siwezi kusema uongo. Kupitia mwanya wa pazia niliwaona wageni wakimpiga picha mkwe. Dhahabu akatutambulisha: kinanda, dramu, na alipofika kwenye besi akamshika mkwe mkono na kuwaomba watu wavitazame vidole hivyo. Wakapiga makofi. Kisha akautangaza wimbo wetu mkubwa, ule ambao watu hawatuachi tuondoke bila kuupiga, akasema kwamba ule mwendo wa besi unaoanza na kufunga wimbo ulimjia ndotoni.

Ndoto hiyo, dada, ni cherehani yako. Ulikuwa ukishona chumba cha mbele, mkanda wa gurudumu umelegea, kwa hiyo mashine ilikuwa ikikimbia, inakwama kidogo kama inayovuta pumzi, halafu inaendelea. Mimi niko chini sakafuni na gitaa langu la kwanza, nafuata mguu wako. Dhahabu alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, anasubiri unyanyue macho umtazame. Hukunyanyua. Alikuwepo, na aliusikia mwendo ule ukizaliwa, na sasa anausimulia kama ndoto yake mbele ya watu wanaokula.

Nikatoa pamba masikioni.

Tukaupiga wimbo mpaka mwisho. Shangazi akapiga pigo la kufunga, wote wakakata, makofi yakaanza, mkwe akanyanyua mikono yote miwili kuwapungia watu. Na mimi nikaendelea.

Niliupiga mwendo wako peke yake, polepole, na kukwama kwake mahali pake. Makofi yakasita. Mtu mmoja akacheka, kisha meza nzima. Mkwe akalikamata gitaa na kuanza kuitafuta sauti; ikishuka yeye anapanda, ikipanda yeye anashuka, kama mtu anayefukuza kuku ndani ya nyumba. Dhahabu alibaki na tabasamu lake, ila lilikuwa limekauka. Akampa fundi ishara ya kukata shingo. Fundi akashusha kila kitu mezani kwake. Lakini Friji hapiti mezani kwake. Sauti ikatoka pale pale sakafuni, na kila nikigusa uzi pazia lilikuwa linatikisika, watu wote wanaliona likipumua. Mzee mmoja mgeni akaanza kufuata kwa makofi. Shangazi akajifanya kutafuta kitu chini ya kiti, kisha akaingia na dramu.

Mwenye hoteli aliweka kijiko chini, akapanda jukwaani na kulivuta pazia kwa mkono wake. Mimi huyo: kistuli, miwani, Friji. Nilikuwa nimeinama, nikapiga mzunguko mwingine kama nisiyejua lolote, mpaka aliponigusa bega ndipo nikashtuka. Nilishtuka vizuri sana, dada, ungejivunia. Akamgeukia Dhahabu, akamuuliza kwa sauti ile ambayo nadhani huulizia vijiko vichafu, ni nani kati ya watu hawa wawili alikuwa akipiga tangu tulipoanza. Dhahabu akajitetea kwamba mzee hasikii vizuri, asamehewe. Mama akasema basi kiziwi ndiye aliyekuwa akiwashikilia wote, na kwamba hoteli yake haihitaji bendi inayoficha watu wake. Akaniambia, polepole na kwa mdomo mpana, nije Jumapili na huyo mama wa dramu. Mpiga kinanda akajipachika na yeye.

Dhahabu hakupata kazi hiyo, wala nyingine. Wageni walikuwa wamerekodi. Mikono ya mkwe imezunguka mji mzima, na watoto wa jengo letu wanaiigiza ngazini. Aliponikaripia siku ile nyuma ya jukwaa niliweka kiganja sikioni na kumwambia ngumi sikuiona, na masikio si ndiyo hayo anayoyajua. Aliyeutangazia mji kwamba mimi ni kiziwi ni yeye.

Juzi alikuja kwangu, alasiri, lifti ikiwa imekufa. Alifika akihema, kofia mkononi. Sikumkaribisha ndani. Akasema kwa sauti ya chini kwamba amekosa, nimsamehe. Nikaweka kiganja sikioni, nikamwomba aseme kwa nguvu. Akarudia. Nikatikisa kichwa, nikasogeza sikio. Akapandisha sauti, na jirani wa mbele akafungua mlango. Nikamwambia bado, masikio ya uzee haya. Mwishowe alikuwa akipayuka kwa sauti yake yote iliyobaki kwamba alinisingizia, kwamba kila alipopotea alijipoteza mwenyewe, nimsamehe. Majirani walikuwa wamejaa mpaka kwenye ngazi ya juu, mmoja na mwiko mkononi. Nikamwambia pole, sikusikii. Nikafunga mlango.

Sasa ninalokuambia usimwambie mtu, hata Shangazi halijui. Kabla ya karamu ile nilikwenda kupima masikio, kwa hofu niliyokueleza. Muuguzi alinivalisha vile vya kusikilizia, akanipigia milio yake midogo, kisha akaniuliza nilifanya kazi gani maishani. Nilipomjibu hakuamini. Alisema masikio yangu ni ya kijana, na akaniambia niendelee na pamba zangu. Kwa hiyo pigo la mwisho la Shangazi nililisikia, dada, hata vumbi lake nililisikia. Nilikuwa nimelingojea tangu kule juu ya duka la matairi. Na Dhahabu aliponong'ona pale mlangoni nilimsikia mara ya kwanza, na kabla ya hapo nilimsikia akimeza mate.

Kiziwi ni yeye. Nililijua hilo siku ile ile ya muuguzi, nilipokumbuka kuchelewa kwake, na sitamwambia. Ataligundua mwenyewe.

Nisalimie wajukuu wote, na mwambie yule mkubwa nyuzi alizoomba zipo kwenye kifurushi. Cherehani usiiuze, hata wakikuambia ni chuma chakavu, na mkanda wake usiukaze. Jumapili huwa naanza na mwendo wake.

Limebaki moja. Dhahabu alipokuwa ameshashuka, nadhani ghorofa ya pili, nikiwa nimesimama nyuma ya mlango uliofungwa, nilimsikia akijisemea kwamba haikuwa ndoto, ilikuwa ile cherehani, na kwamba hukuwahi kunyanyua macho. Sikufungua mlango. Ningefungua angejua kwamba nasikia, na angedhani nimemsamehe.

Mdogo wako akupendaye,
Kitinda, mbeba Friji