Kipete cha Usukani Kilichobarikiwa Kinacheza

Tumsifu Yesu Kristo, Dada Violet. Habari za afya yako na kazi ya redio? Sisi huku Masama tu wazima kwa neema ya Mungu, ila mimi moyo hautulii, ndiyo maana nimekuandikia.

Mume wangu Fabian ni katekista, kila Jumapili anashuka na baiskeli hadi kigango cha bondeni kuongoza ibada, sasa usukani ulipoanza kukwama jumuiya yetu ikamnunulia vikombe vipya vya usukani pamoja na kipete na gololi zake, mwenyekiti wetu Mektrida akaenda Moshi mjini bila kuchukua ule uma unaoshika gurudumu la mbele, akachagua kwa macho, Padre akavibariki altareni na vigelegele vikapigwa. Fundi Sylvanus alipofunga, kile kipete cha chini kinachokaa shingoni mwa uma kikawa kinazunguka chenyewe, ni kikubwa kidogo tu, akakata bati la kopo akakisindilia, akasema, "Hapo mangi, utazeeka wewe, usukani utabaki." Haukupita muda ukaanza kutikisika kwenye mteremko, Fabian akarudi amechubuka mkono hadi kiwiko, nikamwambia tuvirudishe dukani, akanijibu, "Mama Rogath, kitu cha altareni nikirudishe kiuzwe kwa mlevi?" Nilipomgusia Mektrida alisonya, "Baiskeli ni baiskeli! Au mlitaka ya dhahabu?" Dada, nikinyamaza naweza kumzika mume wangu, nikisema nitaonekana nimedharau baraka na zawadi ya wenzangu. Nifanyeje? Tafadhali nijibu mapema, kabla Jumapili haijafika.

Mama Rogath, Masama

JIBU

Milele amina, Mama Rogath. Mpe mzee pole. Ila wewe nakugombeza: ngozi ya mumeo imebaki kwenye changarawe, na bado unawaza Mektrida atasema nini?

Padre alibariki zawadi, hakubariki bati la kopo. Wala baraka haifanyi kipete kikubwa kienee uma mwembamba. Nimemuuliza fundi hapa mjini, anasema saizi za vipete hivi zinakaribiana mno, tofauti haifiki hata milimita moja. Macho hayaioni, mteremko unaiona. Mektrida hakukosa upendo, alikosa kipimo.

Sasa sikiliza. Baiskeli isipandwe kwanza. Sylvanus autoe uma, na Mektrida mwenyewe aupeleke dukani pamoja na fremu, ili zawadi ibaki ya kwake. Muuzaji apime kwa kalipa, kile kipimo cha kubana, shingo ya uma pale kipete kinapokaa, apime na tundu la fremu vikombe vinapoingia, aangalie pia kama uma una nyuzi za skrubu juu au hauna. Kipete cha saizi yake hakivaliki kwa vidole, kinagongwa taratibu mpaka kikae. Kikiteleza chenyewe, kikataeni. Baada ya kufunga, bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia inagonga, bado.

Hivi vilivyobarikiwa mpelekeeni Padre, aamue yeye. Hilo si swali lako wala la Fabian.

Na Fabian akishikilia kushuka Jumapili hii, fungua gurudumu la mbele ulifungie stoo. Atakasirika, najua. Akasirike akiwa hai.