Bunduki ya Serikali ya Boma la Ndama

Maitu, mama yangu,

Juzi mjukuu wangu alikuwa akiosha vyombo, akasimama na mwiko wa ugali mkononi. "Shosho, kwani huu mwiko uko na shimo ya nini?" Nikamwambia ni mahali pa kuweka kidole, kwa sababu hiyo ni bunduki. Aliniangalia kwa huruma, nadhani anaamini uzee umenifikia kichwani. Mimi nilicheka mpaka nikatafuta kiti. Halafu kicheko kikaisha nikabaki nikikukumbuka wewe, mama, na asante ambayo sikuwahi kukupa ulipokuwa hai.

Unaikumbuka Serikali ya Boma la Ndama? Lilikuwa lile boma bovu nyuma ya nyumba za wafanyakazi, kwenye shamba la mzungu kule Dundori, lililoachwa baada ya paa kuanguka. Kaka Njoroge alilifanya nchi. Yeye alikuwa jenerali, mimi nikawa vyeo vyote vilivyobaki pamoja na jeshi zima. Njoroge alikuwa amewaona wanajeshi wakipita kwa malori kwenda msituni, wote wameshika bunduki za aina moja, na hilo lilimwingia sana. Akatangaza kwamba hata sisi lazima tuwe na bunduki moja ya serikali. Nchi ambayo kila mtu anajibebea kijiti chake, alisema, hiyo si nchi, ni watoto wanacheza.

Namba Moja ilitengenezwa kwa mabua ya mahindi. Ilikuwa nyepesi na ya kupendeza, lakini ndama waliingia bomani wakala silaha zote za taifa. Tulikuja kwako tukilia. Ulikuwa umeketi mlangoni ukimenya viazi, ukasema, "Pole, Jenerali. Adui yako ana mkia." Namba Mbili ikawa ya mwerezi, kipande kilichobaki baada ya Baba na wenzake kuchimbia posti za ua. Hiyo ndama hawangeiweza, ila hata mimi sikuiweza. Uliniona nikipita nimeibeba kama mgonjwa, ukatikisa kichwa. "Askari huyu atakufa na uchovu kabla vita havijaanza. Hebu ipunguzeni tumbo." Ukaleta panga, ukamwonyesha Njoroge namna ya kufuata mkondo wa mti usipasuke. Watu husema mtoto akililia wembe mpe. Wewe ulitupa, ila uliketi hapo hapo ukitazama tunanyoa nini.

Kitu ambacho hukukitazama ni Namba Tatu. Njoroge alitaka bunduki yenye ile sehemu ya kuvuta nyuma na kuachilia. Akang'oa komeo la mlango wa nyumba ya kuku, akalifunga juu ya ule mwerezi kwa utepe wa mpira wa tyubu ya baisikeli. Ukilivuta na kuliachilia, lililia ta! Tuliruka kwa furaha. Wewe ulikuwa ukizunguka uani ukiuliza, "Nani amekula komeo langu?" Sisi tukawa wapole kuliko kawaida, na ukaufunga mlango wa kuku kwa kamba.

Hatukujua, Maitu. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, na msituni juu yetu watu waliopigana na wakoloni walikuwa wakijitengenezea bunduki kwa kipande cha bomba, komeo la mlango na mpira. Mtu aliyekutwa na moja ya hizo alikuwa akinyongwa. Njoroge alikuwa ameboresha mchezo wetu mpaka ukafanana na kile ambacho serikali ya kweli ilikuwa ikikitafuta kila nyumba.

Askari walikuja na lori asubuhi, baada ya kukamua. Waliwaketisha wanaume wote kwenye nyasi, mikono kichwani, Baba akiwa kati yao na aproni yake ya maziwa. Wakaanza kupekua nyumba kutoka upande wa chini. Jambo lilikuwa rahisi kueleweka hata kwa mtoto: nyumba ikitoa kitu kibaya, mwenye nyumba anapanda lori. Ulikuwa ukikoroga uji. Nikakunong'oneza kwamba bunduki yetu iko kwenye rundo la kuni.

Hukunipiga wala hukuuliza lolote. Uliivuta, ukaiona, na nikaona uso wako ukibadilika. Ukaufungua ule mpira, ukamwita Njoroge, ukamfungia nao kaptura yake iliyokuwa ikimwanguka siku zote. Ukalificha komeo ndani ya kiganja, ukatoka nje ukiwagombeza kuku kwa sauti, ukalirudisha mlangoni pake mbele ya macho ya lori lote. Halafu ukaingia, ukaushika mwerezi kitako, ukautumbukiza mdomo wa bunduki ndani ya sufuria, ukaendelea kukoroga.

Askari mmoja Mwafrika ndiye aliyeingia, na afisa wao, mzungu kijana, akabaki mlangoni. Walipindua kitanda, wakachoma magunia kwa visu. Kisha askari akasimama mbele ya jiko.

"Wewe mama, hii ni nini?"

"Ni mwiko, afande."

"Mwiko gani kubwa namna hii?"

"Ya uji. Iko watoto mingi."

Tulikuwa wawili, tumesimama pale pale. Askari alitutazama, akatazama kaptura ya Njoroge, akautazama mkono wako. Kidole chako kilikuwa kimeingia ndani ya lile tundu la kufyatulia ambalo Njoroge alilichonga kwa msumari wa moto. Alijua. Hata leo nina hakika alijua. Mzungu aliuliza kitu kwa Kiingereza, na askari akajibu kwa neno moja. Halafu akakwambia, "Koroga, mama. Itashika chini." Wakatoka.

Baba alirudi mchana, akapiga funda moja la uji akakunja uso. "Huu uji mbona unanuka posti?" Ukamwambia, "Kunywa." Akanywa. Ndipo ukageukia ukuta, na mabega yako yakaanza kutetemeka.

Nakushukuru kwa huyo mtu aliyekaa akinywa uji. Alinifundisha kukamua ng'ombe bila kumuudhi. Alinishika mkono hadi madhabahuni akinung'unika kwamba viatu vinambana. Alizeeka, akawa msumbufu, akafa kitandani mwake huku akilalamikia chumvi. Miaka hiyo yote ulitupa wewe, kwa muda mfupi kuliko wa uji kuiva, nami nilikuwa nikiila kama ugali wa kila siku bila kusema asante.

Kesho yake ulichukua panga ukaanza kuuchonga ule mwerezi uwe mwiko wa kweli. Njoroge aliketi kando akilia kwa ajili ya jeshi lake. Uliondoa mdomo, ukaondoa kitako, lakini ulipofika kwenye tundu ukaliacha. Miaka mingi baadaye, Njoroge akiwa ametangulia mbele ya haki, nilikuuliza kwa nini ulilibakiza. Nilitarajia jibu zito. Ukasema, "Linashikika vizuri."

Ni kweli, Maitu. Jana nilisonga ugali wa watu wengi, na kidole changu kikaenda chenyewe mahali kilipokuwa chako. Nikaukaza mkono, nikakoroga, na ugali haukushika chini.

Pumzika, mama. Huku tumeshiba.

Ni mimi, kitinda mimba wako na jeshi zima la Boma la Ndama,
Wambui