Damu Iliyooshwa Mara Tatu

Kibokoni, Mombasa
4 Juni 1996

Mama mpenzi,

Assalamu alaykum. Natumai kifua chako kimetulia na huko Lamu mko salama. Mjukuu wako Faraj ana siku kumi, ananyonya vizuri, na mume wangu Khubaib na mama yake hawajambo. Mimi ndiye sijielewi. Mavyaa ananiletea supu ya mbuzi asubuhi na jioni, kama ada ya mzazi, na kila nikinywa natapika. Jana nilimwangalia mwanangu nikashindwa kukumbuka jina lake. Unajua nyama sikuipenda tangu utotoni. Naweza kuikataa bila kumvunjia heshima?

Mwanao, Fairuz

Lamu
9 Juni

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Kifua hakijambo. Supu unywe. Mzazi asiyekula nyama hainuki, na mavyaa wako atasema sikukulea. Ukishindwa, ziba pua.

Mama yako, Sheikha

Mombasa
2 Julai

Mama,

Assalamu alaykum. Nimetoka hospitali. Nilikutii. Siku ya tatu nikawatukana wageni, kisha nikazimia. Maalimu akaitwa kunisomea. Walisema nina shetani. Khubaib akamwambia mama yake, "Huyo shetani tutamjulia hospitali," akanibeba.

Daktari alipima damu akakuta sumu. Hutokana na nyama, na mwili wangu hauwezi kuiondoa. Ni maradhi adimu. Nimezaliwa nayo, uzazi umeyaamsha. Nikatiwa kwenye mashine ya kuosha damu, ile ya wagonjwa wa figo, ingawa figo zangu ni nzima. Mara ya pili nikamtambua mume wangu. Mara ya tatu nikaomba kalamu.

Sikulaumu. Lakini nyama sili tena, hata mavyaa akininunia mwaka mzima.

Daktari anauliza kama upande wako yuko mwanamume aliyekufa hivi, maana hupitia kwa mama na huwaua zaidi wanaume. Huenda Faraj ameyarithi. Nijibu kweli.

Fairuz

Lamu
8 Julai

Mwanangu Fairuz,

Waalaykum salaam. Barua nimeisoma nikiwa peke yangu, mlango nimeufunga.

Yuko. Mjomba wako Taib. Tulikuambia alikufa kwa homa, haikuwa homa. Siku ya Idi ya kuchinja alikula kama wenzake, kesho yake maneno yake hayakuwa na maana. Tukamfungia chumbani, akasomewa. Nami nikamnywesha supu apate nguvu, kijiko kwa kijiko, siku mbili, mpaka akanyamaza. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Nakuja kwa basi la Jumamosi. Daktari nitamweleza mwenyewe, ampime Faraj. Mavyaa wako niachie mimi.

Nami nipimwe. Kama maradhi haya umeyatoa kwangu, niambiwe nawe ukiwepo.

Mama yako, Sheikha