Plasta Juu ya Jina

Kwako Kawira, mjukuu wangu,

Hapa Kibirichia tuko wazima. Viazi tumechimba, na mama yako alikuja akabeba gunia zima bila hata kungoja chai.

Umeniuliza kama ni vibaya kubadilisha kiwango cha rangi, yaani wekundu unaoanza kuhesabiwa, kwenye zile picha tu za seli zilizopewa dawa, kwa sababu kompyuta imezipima kuwa nyekundu zaidi kuliko ulivyotarajia. Kompyuta hiyo mimi siijui. Nilipokuwa naanza kazi ya maabara, tulipima kwa macho.

Siku moja nilikuwa nasoma kwa darubini slaidi, vile vioo vidogo vilivyopakwa makohozi ya wagonjwa. Kijidudu cha TB hushika rangi nyekundu. Kwenye slaidi moja niliona wekundu hafifu, nikaandika kwamba ni uchafu wa rangi. Jina lililokuwa juu yake ni la mwalimu aliyenifundisha kusoma na kuandika shuleni. Mtu kama huyo sikutaka awe na TB.

Mkubwa wangu alipoikagua kazi yangu hakunigombeza. Alibandika plasta juu ya majina yote, akazichanganya slaidi, akasema, "Soma tena, Nkatha." Safari hii wekundu ule niliuita TB bila kusita. Nilipobandua plasta, nikakuta jina la mwalimu.

Kwa hivyo ficha kwanza majina ya picha zako, halafu chagua kiwango kimoja cha zote.

Mwalimu alitibiwa. Kwenye ile picha ya harusi ya mama yako, mzee aliyesimama kuombea chakula ndiye yeye.

Nyanya yako,
Nkatha